Tisa Nukta Nne

Koti nililopewa lilikuwa la mtu mwingine,
mfukoni limedariziwa jina: Elirehema.
Mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo
waleta vifaa waliniita hivyo,
"Elirehema, saini hapa," nami nikasaini.

Maabara iko nyuma ya bohari ya mabomba, Arusha,
dirisha moja linaangalia Meru
siku mlima unapokubali kuangaliwa.
Miezi miwili ya mwanzo niliosha chupa.
Sikupima kitu. Niliosha, nikasuuza mara tatu,
nikazipanga kichwa chini kama popo.
Bwana Mshiu alizipitia moja moja kwenye mwanga:
"Hii ina alama ya kidole. Rudia.
Maji hayadanganyi, kijana. Chupa ndiyo hudanganya."

Mwezi wa tatu akaniachia elektrodi.
Nikajifunza kungoja: namba hupanda, hushuka,
hutapatapa kama kuku aliyefungwa mguu,
halafu hutulia. Usiandike kabla haijatulia.
Andika kwa wino. Ukikosea, kata mstari mmoja tu,
kosa lako libaki likisomeka.
(Hilo la mwisho chuo hakikunifundisha.)

Madumu yalikuja na lebo zake:
Ngarenanyuki, Kikatiti, King'ori, Usa.
Maji yote maangavu. Hapo ndipo nilipoogopa:
maji machafu hujitangaza,
haya yalimeta kama hayana neno.

Sasa niseme la meno yangu.
Nimezaliwa Maji ya Chai. Sisi hucheka na kiganja mdomoni.
Kwenye picha ya kitambulisho nimefumba mdomo,
na Tulinave wa Njombe, mwenzangu wa fildi,
aliwahi kuuliza, bila ubaya,
kama kwetu miswaki haifiki.
Asubuhi ile nilikuwa nimepiga mswaki mara mbili.

Juni nikarudi kazini na dumu la kisima cha mama.
Sikuandika jina. Niliandika: 212.
Namba ikapanda, ikashuka, ikatapatapa.
Nikaomba isitulie.
Ikatulia. Tisa nukta nne.
Kikomo kilichobandikwa ukutani: moja nukta tano.
Bwana Mshiu akasoma juu ya bega langu.
"Hii ya wapi?"
"Kwetu."
Hakusema pole. Alivuta kiti.
"Rudia. Ya kwetu ndiyo hurudiwa."
Tisa nukta nne. Tisa nukta tatu. Tisa nukta nne.

Miezi iliyobaki nilichoma mifupa
kutoka machinjioni, hadi ikawa mkaa,
nikaisaga, nikaichekecha, nikaijaza ndoo yenye bomba.
Koti la Elirehema likanuka,
watu wakanipisha kwenye foleni ya mihogo.
Maji yaliyopita humo: sifuri nukta nane.

Nikaipeleka ndoo nyumbani.
Mama akaizunguka, akainusa.
"Mifupa ya nini?"
"Ng'ombe."
"Ng'ombe wa nani?"
Daftari la maabara halina safu ya swali hilo.
Nikamweleza floraidi. Akasikiliza mpaka mwisho,
kama anavyosikiliza mahubiri marefu, kisha:
"Mimi maji nachemsha, mwanangu.
Nilichemsha tangu ukiwa mchanga. Sikuacha hata siku moja."

Kuchemsha hakuondoi. Mvuke huenda zake,
kilichomo hubaki, tena kinazidi.
Nilikuwa na jibu hilo mdomoni,
nyuma ya meno yaleyale.

Akateleka sufuria. Akamimina chai.
Nilikunywa kikombe chote.

Ripoti yangu ina kurasa arobaini na moja.
Koti nimelirudisha limefuliwa, jina halijatoka.
Ndoo iko jikoni kwa mama, kaifunika kanga.
Wiki iliyopita kanipigia simu:
mtoto wa jirani anaota meno,
wameanza kumchotea humo.
"Na wewe, mama?"
"Naonja onja.
Lakini ng'ombe wa nani, hujanijibu."